Miguu Inayowaka Usiku: Mgonjwa wa Kisukari Atembee au Apumzike?

Leo tuzungumze kuhusu ile miguu inayowaka moto usiku. Kama unamtunza mtu mwenye ugonjwa wa kisukari, unajua ninalolisema. Mchana anakuambia miguu imekufa ganzi, anahisi kama amevaa soksi na hajavaa. Usiku mambo yanageuka. Miguu inachoma kana kwamba imepakwa pilipili, inadunga kama sindano, hata shuka ikigusa vidole anashtuka. Anaomba beseni la maji baridi. Kunapopambazuka yeye hajalala, na wewe hujalala.

Kisha watu wa nyumbani wanaketi na kuamua. Mara nyingi, kwa upendo mtupu, uamuzi ni huu: nyanya asisumbuliwe tena. Asiende shambani, asitembee hadi kanisani au msikitini, akae kwenye kiti miguu ainyooshe. Akitaka kitu dukani aitiwe bodaboda, hata kama duka lenyewe analiona kutoka mlangoni.

Uamuzi huo haukuzuka tu. Kwa miaka mingi ulikuwa ushauri wa madaktari wenyewe, na ulikuwa na sababu nzuri. Leo ushauri umebadilika. Nitakueleza ulikotoka na ulivyobadilika, maana ukiijua historia yake utajua pia ni lini mgonjwa wako atembee na ni lini akae chini.

Kwamba mwenye kisukari anufaike kwa kutembea, hilo si jambo geni. Waganga wa kale wa India, ambao maandishi yao yanajulikana kwa majina ya Sushruta na Charaka, waliujua ugonjwa huu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Waliutambua kwa mkojo mtamu unaovutia sisimizi. Waliona kwamba wengine huupata wakiwa vijana waliokonda, na wengine wakiwa watu wazima wanene wanaokula vizuri na kukaa sana. Hao wa pili waliambiwa waendeshe miili yao, watembee mwendo mrefu.

Huko Ulaya, daktari Matthew Dobson wa Liverpool, Uingereza, alikausha mkojo wa mgonjwa juu ya moto na mwaka 1776 akaeleza kwamba kilichobaki chini kilikuwa sukari. Karne iliyofuata, mjini Paris, kulikuwa na daktari aliyeitwa Apollinaire Bouchardat. Mwaka 1870 jeshi la Prussia liliuzingira mji huo na chakula kikawa haba. Bouchardat aliona jambo la ajabu: njaa ile iliyowatesa watu wote iliondoa sukari katika mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake. Alikuwa pia akiwahimiza wafanye kazi za mikono hadi jasho liwatoke, kwa sababu aliona mwili unaofanya kazi hutumia sukari yake vizuri zaidi.

Lakini maumivu ya miguu yalikuwa fumbo. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa wa mishipa ya fahamu, yaani neva, ndio unaoleta kisukari. Mfaransa mwingine, Marchal de Calvi, aligeuza maneno hayo mwaka 1864. Alisema kisukari ndicho kinachoharibu neva. Mwaka 1885 daktari Frederick Pavy wa London akaeleza dalili zenyewe kwa makini: miguu mizito, ganzi, na maumivu ya ndani kabisa ambayo huzidi usiku. Mama, hayo ni yale yale unayoyasikia chumbani mwako leo. Mgonjwa wako hajitakii huruma na wala hajarogwa. Ugonjwa wake umeandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 130.

Mwaka 1921 dawa ya insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kudungwa dawa hiyo kwa kisukari. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu hakuishi muda mrefu. Sasa watu waliishi nao kwa miaka mingi, na kwa kuishi huko wakafikia yale madhara yanayokuja polepole: macho, figo na miguu.

Daktari mmoja wa London, R. D. Lawrence, yeye mwenyewe alikuwa na kisukari na maisha yake yaliokolewa na insulini. Mwaka 1926 aliandika kwamba mazoezi huipa insulini nguvu zaidi, hata sukari inaweza kushuka mno. Kule Boston, Marekani, daktari Elliott Joslin aliwafundisha wagonjwa kwamba wanaendesha gari la farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi. Ukimwacha farasi mmoja, gari linakwenda upande. Napenda kumtaja Joslin kwa sababu nyingine pia: aliwatumia wauguzi kuwafundisha wagonjwa na kuwafuata hadi majumbani. Kazi hii yetu ina wazee wake.

Kwa hiyo unaweza kuuliza, kama mazoezi yalisifiwa hivyo, mgonjwa wa miguu aliambiwa na nani akae? Jibu linaanzia kwa ugonjwa mwingine kabisa, ukoma.

Paul Brand alikuwa daktari wa upasuaji, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914. Kuanzia mwaka 1946 alifanya kazi Vellore, kusini mwa India, ambako wenye ukoma walikuwa wengi. Kila mtu aliamini kwamba ukoma hula nyama, kwamba vidole vinaoza na kudondoka vyenyewe. Brand alitazama kwa subira akaona sivyo. Ukoma uliua neva, na mtu asiyehisi maumivu hujiumiza bila kujua. Anashika sufuria ya moto. Anakanyaga mwiba na kuendelea kutembea juu yake mchana kutwa. Kulikuwa na wagonjwa waliolala na vidole kamili wakaamka kimoja kimepungua, na watu wakasema ni ukoma unakula. Walipokesha wakilinda, waligundua kwamba panya walikuja usiku kutafuna vidole, na mwenye vidole haamki kwa sababu hahisi. Wagonjwa wakapewa paka.

Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, jimbo la Louisiana, Marekani, kwenye hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Huko ilionekana wazi kwamba mguu wa mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu ni ndugu ya mguu wa mkoma: ganzi ile ile, kidonda kile kile chini ya unyayo, mahali pale pale panapobeba uzito. Kutoka kazi hiyo tulipata mengi ambayo hata leo yanaokoa miguu. Tulipata viatu vya kinga, na plasta inayosambaza uzito ili kidonda kipone. Tulipata desturi ya kuangalia nyayo kila siku. Tulipata na ule uzi wa nailoni unaoguswa kwenye unyayo pale kliniki, mgonjwa akiwa amefumba macho, aseme kama anahisi. Uzi huo hupinda kwa uzito wa gramu 10. Asiyeuhisi amepoteza ulinzi wa mguu wake. Ukienda kliniki ya kisukari na mgonjwa wako, muulize muuguzi amfanyie kipimo hicho. Ni cha dakika chache, na nyanya huvua viatu tu.

Sasa ona jinsi jambo zuri lilivyozaa tahadhari iliyozidi. Ikiwa mguu usiohisi huumia kwa kukanyaga, basi mgonjwa huyo akanyage kidogo iwezekanavyo. Hivyo ndivyo madaktari walivyofikiri. Miongozo ya Chama cha Kisukari cha Marekani ya miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 ilisema kwamba aliyepoteza hisia miguuni asitembee mwendo mrefu, asikimbie, wala asitumie mashine ya kutembelea. Badala yake aogelee, aendeshe baiskeli, apige makasia kwenye mashua, au afanye mazoezi akiwa amekaa kitini.

Mimi nikisoma orodha hiyo huwa natabasamu kidogo. Mama wa miaka 60 huku kwetu, bwawa la kuogelea analo wapi? Kilichobaki mezani pake ni kiti. Na kiti peke yake kina gharama. Mwili ukikaa, sukari inapanda, uzito unaongezeka, misuli ya mapaja inalegea, na siku akiinuka anayumba na kuanguka. Kumbe kile kinachoharibu neva, sukari nyingi kwenye damu kwa muda mrefu, ndicho kinachopata nafasi zaidi.

Mashaka juu ya ushauri huo yaliletwa na watu waliopima badala ya kukisia. Mwaka 2006 madaktari wa Italia walitoa matokeo ya kazi ya miaka minne. Waliwachukua watu 78 wenye kisukari ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Watu 31 kati yao walitembea kwa haraka kwenye mashine, saa nne kwa wiki, chini ya usimamizi. Wengine 47 hawakufanya hivyo. Baada ya miaka minne, karibu 30 katika kila 100 ya wale wasiofanya mazoezi walikuwa na uharibifu wa neva za hisia. Kwa waliotembea ilikuwa kama 6 katika kila 100.

Lakini hao neva zao zilikuwa nzima. Je, yule ambaye tayari ana ganzi? Mwaka 2008 watafiti wa Missouri, Marekani, waliwafuatilia watu 79 wa namna hiyo kwa mwaka mzima. Kundi moja liliimarishwa misuli ya miguu na kuhimizwa kutembea, kundi la pili halikupewa mpango huo wa kutembea. Waliotembea hawakupata vidonda zaidi ya wenzao. Hapo ule woga wa zamani ukapata jibu. Usisahau lakini kwamba watu hao waliongeza mwendo polepole na miguu yao ilikuwa ikiangaliwa. Hawakutembea peku kwenye changarawe. Mwaka 2010 Chama cha Kisukari cha Marekani, pamoja na chuo cha wataalamu wa mazoezi cha nchi hiyo, kiliandika upya: mwenye uharibifu wa neva miguuni ambaye hana kidonda anaweza kufanya mazoezi ya wastani ya kukanyaga.

Na yale maumivu yenyewe, kule kuwaka? Mwaka 2012 watafiti wa Kansas waliwafanyisha watu 17 mazoezi kwa wiki 10, ya kuhema na kutoa jasho pamoja na ya kuongeza nguvu za misuli. Maumivu yao makali yalipungua. Isitoshe, walipochukua kipande kidogo sana cha ngozi na kukitazama kwa hadubini, waliona nyuzi za neva zimeongeza matawi. Hebu fikiria mti wa mwembe uliokatwa matawi, halafu unaanza kuchipua.

Matokeo ninayoyapenda zaidi ni ya mwaka 2015, na ni ya watu 14 tu waliofanya mazoezi ya kuhema kwa wiki 16. Walipoulizwa maumivu ni makali kiasi gani, jibu lilikuwa karibu lile lile la mwanzo. Lakini walipoulizwa maumivu yanawazuia kiasi gani kutembea, kufanya kazi, kulala na kukaa vizuri na watu wao, kuzuiwa huko kulikuwa kumepungua. Nakuambia hili waziwazi ili usije ukamwahidi mgonjwa wako kwamba akitembea moto utazimika wote. Huenda usizimike. Lakini akilala usiku na akaweza kukaa na wajukuu mchana, nyumba nzima imepumua.

Tafiti hizi nyingi ni ndogo, na hakuna hata moja inayosema dawa ziachwe. Vidonge vya sukari, insulini, na dawa ya maumivu ya neva aliyoandikiwa viendelee vilevile. Na kama amemeza metfomini kwa miaka mingi, mwambie daktari kuhusu ganzi hiyo, kwa sababu dawa hiyo yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo pia huleta ganzi. Ni jambo linalotibika na linasahaulika sana.

Kwa nini kutembea kusaidie neva? Neva nazo hula. Zinalishwa na mishipa midogo sana ya damu, na sukari nyingi huharibu mishipa hiyo, hasa ile ya mbali kabisa, ndiyo maana shida huanzia vidoleni. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo au haifanyi kazi vizuri. Moyo ukidunda zaidi, damu hufika mbali. Mazoezi ya aina hii ndiyo wataalamu huita erobiki: kutembea kwa haraka, kucheza ngoma, kuendesha baiskeli, kulima kwa mwendo usiokatika, mradi mtu aheme na mapigo ya moyo yapande kwa dakika kadhaa mfululizo.

Basi kama unataka kumwanzisha nyanya, au mumeo, au wewe mwenyewe, anza kwa kumwona mhudumu wa kliniki, hasa kama mgonjwa ana shida ya moyo, macho au presha. Kisha anza na kidogo. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zinatosha kwa wiki ya kwanza, kwenye njia iliyo sawa na kabla giza halijaingia. Ongeza dakika chache kila wiki hadi afikie nusu saa, siku tano. Kipimo cha mwendo ni mdomo wake: aweze kuongea na wewe, lakini asiweze kuimba. Kama anayumba, mshike mkono au atumie mkongojo, na siku za matope asimame nyuma ya kiti kizito, akishike, apige hatua papo hapo.

Viatu ni nusu ya kazi. Malapa hayafai, na kutembea peku hata ndani ya nyumba hakufai. Atafute raba au kiatu kilichofungwa mbele, chenye nafasi ya vidole, na soksi safi isiyo na mshono mnene. Sijasema kiatu cha bei. Raba ya mtumba iliyo nzima ndani inatosha. Kabla hajavaa, ingiza mkono wako ndani ya kiatu upapase. Nimewahi kutoa kifuniko cha chupa ya soda ndani ya kiatu cha mzee mmoja aliyekuwa ametembea nacho tangu asubuhi, na hakuwa na habari. Akirudi, mvue soksi uangalie nyayo na katikati ya vidole, ukitafuta wekundu, lengelenge au mchubuko. Kama macho yako yamechoka, mwite mtoto aliyemaliza homuweki. Watoto wana macho makali na wanaipenda kazi hiyo.

Anayetumia insulini, au vidonge vya aina inayoweza kushusha sukari, apimwe kabla ya kutoka kama mna mashine. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza, ndizi au kipande cha mkate. Abebe glukosi au peremende mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kusema maneno yasiyoeleweka, ale hapo hapo. Na ikiwa sukari imezidi 14 naye anatapika au anajisikia vibaya, siku hiyo hatembei, anapelekwa hospitali.

Maumivu nayo si yote ni ya neva. Kama misuli nyuma ya mguu inabana kila akitembea na kuachia akisimama, hiyo yaweza kuwa mishipa ya damu iliyoziba, na aonwe na daktari. Akiwa na kidonda kilicho wazi unyayoni, asitembee kwa mazoezi hadi kipone. Afanye ya kitini kwa mikono. Hapo ushauri wa zamani ulikuwa sahihi na bado ni sahihi.

Iko dalili moja zaidi, na huwapita watu wengi kwa sababu haina maumivu makubwa. Mwaka 1936 daktari William Jordan, aliyefanya kazi na Joslin kule Boston, alieleza jinsi mifupa ya mguu wenye ganzi ya kisukari inavyoweza kuvunjika na kuporomoka kimyakimya. Mguu mmoja huvimba, unakuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, na mgonjwa anasema hausumbui sana. Ukigusa miguu yote miwili kwa viganja vyako ukahisi tofauti hiyo ya joto, asikanyage mguu huo tena hata kwenda chooni bila kushikiliwa, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.